Shavu la Bibi wa Benchi la Tatu

Nimechora bustani ya mjini kwetu Tanga miaka kumi na moja, na katika miaka yote hiyo sikumwonea mtu gere hata siku moja, mpaka wifi yangu aliposhika brashi. Nalisema mapema ili msomaji asije akaniweka katika kundi la watu wema halafu akanigeuka mwishoni. Mie mtu wa wivu. Mume wangu anajua, majirani zangu wa Mabawa wanajua, na wifi mwenyewe anajua kuliko wote.

Kazi yangu ni ndogo. Nachora kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya hadibodi visivyozidi ukubwa wa daftari la shule. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikastaafu, na badala ya kufuga kuku kama wenzangu nikalitoa chini ya kitanda sanduku la rangi nililoachiwa na mtawa mmoja aliyetufundisha chuo cha ualimu. Rangi zilikuwa zimekauka kama mawe, lakini brashi zilikuwa nzima. Rangi mpya naletewa kutoka Mombasa na kondakta wa basi linalovuka mpaka wa Horohoro. Nikimwandikia nyeupe ananiletea nyeupe, nikimwandikia bluu ananiletea bluu yoyote aliyoikuta dukani, nami mbingu za mwezi huo zinakuwa za bluu hiyo hiyo.

Ninachochora ni kile kilichopo. Muuza kahawa akisuuza vikombe. Wanafunzi wa sekondari wanaojifanya wanasoma. Watu waliotoka Muheza na Pangani kwa shughuli za mahakamani, wamekaa na bahasha mapajani, viatu wamevivua kidogo kwenye visigino. Wazee wanaocheza drafti kwa vizibo vya soda. Maharusi wa Jumamosi wanaokuja kupigwa picha, bibi harusi kainua gauni lisiguse vumbi. Mie nakaa benchi la kwanza, chini ya mti wa mkungu, kuanzia saa kumi alasiri. Naanza na penseli. Nahesabu mbao za benchi, na kama benchi lina mbao tano, langu nalo litakuwa na mbao tano. Hakuna mtu atakayesimama nyuma yangu aniambie nimeiba ubao.

Mtu niliyemchora kuliko wote alikuwa bibi wa benchi la tatu. Alikuwa wa ukoo mmoja wa asili ya Oman, wenye shamba la minazi njia ya Pangani na nyumba ya zamani kule Ngamiani. Kila siku baada ya sala ya alasiri gari lilimleta, akashuka taratibu, akakaa akielekea bandarini, mgongo wake kwangu. Siku niliyoamua kumwomba ruhusa nilitangulia kumwamkia. Shikamoo, Bibi. Akaitika marahaba, akaniuliza kwetu wapi, mama yangu nani, mume wangu wa mlango gani, na alipotosheka na majibu akanipa sharti lake.

"Nichore kisogo," alisema. "Uso wangu niachie mwenyewe."

Sikushangaa. Nyumba nyingi za kwetu hazitundiki picha yenye sura ya mtu pale watu wanaposalia, na bibi yule alikuwa mkali katika jambo hilo kuliko maimamu. Hakupigwa picha harusini kwake, hakupigwa picha kwenye harusi za wanawe. Picha moja tu aliikubali, ya kitambulisho, na alisema aliikubali kwa kuwa serikali haina adabu.

Basi nikamchora kisogo miaka minane. Buibui, ushungi, bega la kulia lililoshuka kidogo, kikapu cha ukindu pembeni. Na kila nilipomaliza, nilifunga vitu vyangu nikaenda kukaa naye, nikaujua uso wake vizuri kuliko watu wengi walioujua mgongo wake. Alikuwa mlaji wa tambuu, lile jani la kutafuna lenye popoo na chokaa. Aliiweka upande wa kushoto, shavu likawa limetuna kidogo siku zote, hata akinyamaza ungedhani ana neno analolihifadhi. Nilipenda kulitazama shavu lile. Nilimwambia siku moja, akacheka, akanipa tambuu, nikaitema nyuma ya mkungu asione.

Sasa wifi. Wifi yangu ni mdogo wake mume wangu, mjane, fundi cherehani wa miaka mingi. Macho yalianza kumsumbua, uzi haupiti tena kwenye tundu la sindano, akaacha ushonaji akawa anashinda nyumbani kwake Raskazone na wajukuu wanamzunguka. Mume wangu akaniambia nimchukue niende naye bustanini, abadilishe hewa. Nikamchukua. Nataka ieleweke kwamba mie ndiye niliyemchukua, kwa mkono wangu, nikamkalisha benchi langu, nikamnunulia kahawa na kashata.

Wiki ya pili akaniomba kipande cha hadibodi achezee. Nikampa kilichopinda. Akachukua brashi pana, ile ninayopakia mbingu, akachota rangi nyingi kiasi kwamba roho iliniuma kwa ajili ya rangi, akapaka. Penseli hakugusa. Nikamwambia aanze na mistari, akasema mistari haioni. Na kweli alikuwa haioni. Kwa macho yake yale, muuza kahawa ni doa jeupe lenye doa jekundu mkononi, na mkungu ni kitu kikubwa cha kijani kinachotikisika. Basi akachora doa jeupe na doa jekundu. Watu wakasimama kutazama, wakasema, mh, yule muuza kahawa kabisa, hata kuinama kwake.

Mwanzoni nilicheka nao. Mgeni akisifiwa siku ya kwanza si jambo la kumkosesha mtu usingizi. Lakini mwezi ukapita, na wa pili, na watu wakawa wanalipita benchi letu kwa namna moja: wanafika kwangu, wanainama kidogo kwa heshima, "mwalimu hujambo," halafu wanasogea kwa wifi na hapo ndipo wanapobaki. Picha zangu walizipiga picha kwa simu wakaondoka. Za wifi walizichukua zikiwa mbichi, wakazibeba kwa vidole viwili kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi. Mie nilijitia hamnazo. Nilisafisha brashi ambazo zilikuwa safi.

Na maskhara yake sasa. Wifi na wifi ni watani, hilo halina mjadala, na mie nimemtania tangu siku naolewa. Lakini utani unauma pale unapokuwa na ukweli ndani yake. Siku moja akaichukua picha yangu, akaisogeza karibu na pua yake ndiyo aione, akaitazama muda mrefu.

"Wifi," akasema, "benchi lako hili mtu akikalia litambeba. Mbona basi hakuna aliyekaa?"

Alikuwa anacheka, na mbele yetu pale pichani kulikuwa na watu wawili wamekaa, nimewachora kwa siku tatu. Nilicheka na mie. Niliporudi nyumbani niliosha vyombo kwa fujo mpaka mume wangu akauliza kuna nini, nikamwambia muulize dada yako.

Hayo yote ningeyavumilia kama asingegusa benchi la tatu. Muuza kahawa achukue, maharusi achukue, wacheza drafti awachukue na vizibo vyao. Bibi alikuwa wangu. Nilikuwa nimekwisha kujiapia kwamba kama kuna picha moja nitakayoiacha duniani ikawa kweli, itakuwa ya bibi yule. Wifi hakuwahi kukaa naye hata siku moja. Alimwamkia kwa mbali tu, halafu akarudi kwenye hadibodi yake. Na jioni moja, mie nikiwa nahangaika na kivuli cha kikapu, nikageuka nikaona kamchora. Alimpaka kwa mipako kama kumi na mitano, minene, ameiacha hivyo hivyo. Nilisema nzuri. Sikusema zaidi ya hapo.

Ile ikawa jioni ya mwisho ya bibi pale bustanini. Siku ya nne tukapata habari kwa muuza kahawa kwamba amefariki, amezikwa asubuhi ile. Nilikwenda msibani Ngamiani, nikakaa mkekani na wanawake, nikalia kilio cha kweli. Nilimpenda bibi yule. Hilo nalo lisisahauliwe katika haya yanayokuja.

Kiasi cha siku tano baada ya mazishi, binti yake mkubwa akaja bustanini. Ni mwanamke wa rika langu, mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa maneno machache. Akakaa benchi la tatu peke yake kwa muda, kisha akainuka akaja kwetu. Alisema mama yake alikuwa akiwaeleza habari za mwalimu anayechora. Moyo wangu ukajaa. Akasema nyumbani hawana picha ya mama yao ila ile ya kitambulisho, na haitakiwi picha ya uso, mama mwenyewe aliusia hivyo, lakini kwa kuwa walisikia mwalimu alikuwa anamchora kisogo, wamekubaliana na wadogo zake kutafuta picha moja waitundike ukumbini kabla ya khitma ya arobaini.

Siku ile nilikuwa na mbili. Nikazitoa kwenye mfuko wangu wa kazi nikaziweka juu ya benchi. Mbao tano. Kikapu na ukili wake. Bega lililoshuka. Akazitazama vizuri, kwa adabu, akasema mashaallah. Halafu jicho lake likaenda pembeni, kwenye hadibodi ya wifi iliyokuwa imeegemezwa kwenye mguu wa benchi kwa sababu ilikuwa bado mbichi na wifi alikuwa akizunguka nayo tangu msiba.

Akachuchumaa. Nikasikia anavuta kamasi.

"Mwalimu, usinichukulie vibaya," akasema. "Hizi zako ni bibi aliyekaa. Huyu ni mama."

Ilinikata maini. Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi nikaifuta, nikitafuta namna ya kuisema kwa utulivu, na hakuna. Miaka minane, nimekaa naye, nimetema tambuu yake, halafu anakuja mtu asiyeona tundu la sindano, anapaka mara kumi na tano, na mtoto wa marehemu anachuchumaa mavumbini mbele ya picha yake. Nilisema Mungu amrehemu. Wifi alikuwa kainamisha kichwa, na alikuwa na haya usoni, na haya yake yalinitia hasira zaidi kuliko kama angejitapa.

Picha ilikuwa haijakauka. Rangi ya mafuta si ya maji, na mtu anayeipaka nene kama wifi, kwa hewa yetu ya pwani, anangoja wiki tatu hata nne. Kwake Raskazone kuna unyevu wa bahari, picha zinaota koga, na wajukuu wanataka kugusa kila kitu. Kwa hiyo tangu mwanzo picha zake zisizochukuliwa na watu zilikuwa zinakaukia kwangu Mabawa, kwenye stoo ya bati niliyoijenga kwa ajili ya kuku ambao sikuwafuga. Ile nayo akaileta. Akaiweka mwenyewe kwenye rafu ya juu, akiipapasa rafu kwa mkono ahakikishe haitelezi, akasema, "Nakuachia, wifi," akaenda zake.

Nikaachwa na picha ile nyumbani kwangu.

Nilikuwa nakwenda kuitazama kila siku. Asubuhi nikipeleka takataka, napita. Nikitoka sokoni, kabla ya kuweka kikapu chini, napita. Nilikuwa natafuta makosa, na makosa yalikuwapo tele. Benchi lilikuwa na mbao tatu! Mguu mmoja wa benchi haukuwapo kabisa. Buibui halikuwa jeusi, lilikuwa bluu na zambarau. Kikapu kilikuwa kama mkate ulioanguka. Na juu ya makosa yote hayo alikaa bibi, mzima, kwa uzito wake, kama nilivyomwacha jana, na ungesema sasa hivi atageuka akuulize umechelewa wapi. Nikakaa kwenye debe nikalia. Hayakuwa machozi ya msiba. Ilikuwa hasira tupu.

Siku ya Jumanne mume wangu alipokwenda kusali adhuhuri nikafunga mlango wa stoo kwa ndani, nikaiteremsha picha.

Nilijua ninachofanya, msinitafutie udhuru. Hesabu yangu ilikuwa hivi: nikimgeuza bibi kidogo, uso ukaonekana, picha ile haitatundikwa. Amewausia wanawe uso wake usichorwe, na mbele ya wanawake wa khitma, na mashangazi wamekaa, watairudisha ilikotoka na watasema yule mshonaji hana heshima kwa marehemu. Ndipo watakumbuka kwamba mwalimu alikuwa na mbili, safi, zilizofuata sharti lake. Rangi ya wifi kwa chini ilikuwa bado laini. Ukiongeza kitu juu yake kinazama, kinashikana, huwezi kuona kilipoanzia.

Nikachukua brashi yangu nyembamba kuliko zote. Nikachanganya njano ya udongo, nyekundu kiasi, nyeupe, na bluu kidogo kwa ajili ya kivuli cha ushungi. Nilikuwa nimepanga kuchora nusu ya uso, na jicho. Nikaanzia shavuni, upande wa kushoto, pale ushungi unapoishia. Na hapo, wallahi, sijui nieleze vipi. Nilipofika pale palipotuna, pale pa tambuu, mkono wangu ulisahau umetumwa nini. Nikawa namchora bibi tu. Kwa robo saa hivi sikuwa na wifi, sikuwa na kijicho, sikuwa nahesabu kitu. Nilikuwa nimekaa naye benchi la tatu ananiuliza habari za wanangu.

Kisha nikazinduka sala imekwisha zamani na watu wanarudi kwa sauti barabarani. Nikainua brashi. Jicho nilikuwa sijachora, wala pua. Palikuwa na shavu tu, kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba, limetoka kidogo nje ya ushungi, limetuna. Alikuwa ndiye. Katika miaka kumi na moja sijawahi kuweka kitu kwenye ubao kikawa chenyewe namna ile. Na nimekiweka juu ya picha ya wifi.

Nilitaka kukikwangua. Kisu nilikuwa nacho mkononi, tapentaini ipo, kitambaa kipo. Sikuweza. Nikairudisha picha kwenye rafu, nikatoka, nikamwekea mume wangu chakula, na chumvi nikasahau.

Wifi alikuja siku ya khitma akiwa kavaa buibui jipya. Nilikuwa nimekwisha kuitia picha kwenye sanduku langu la mbao lenye kifuniko, nikalifunga kwa kamba mafundo mawili. Nikamwambia nimemfungia isije ikapata vumbi njiani. Akanishukuru sana, akasema bila mie hata hiyo isingekauka. Tukaenda Ngamiani, sanduku liko mapajani mwake, na mie pembeni nina hofu na tamaa pia, maana bado nilikuwa nataka aumbuke. Nilikuwa nataka na nilikuwa sitaki. Zaidi nilikuwa nataka.

Wanawake walikuwa wamekwisha kukaa ukumbini, juzuu zimegawiwa, ubani unafuka. Binti mkubwa akalipokea sanduku, akaona afungue kabla kisomo hakijaanza. Mafundo yangu yalimsumbua. Alipoinua kifuniko niliutazama mkeka.

 Shangazi yao mmoja, mzee sana, akavaa miwani akainama.

"Uso huo?" akauliza, na sauti yake haikuwa nzuri.

Nikangoja. Binti akaisogeza picha kwenye mwanga wa dirisha.

"Jicho liko wapi, shangazi? Ni shavu tu," akasema. Halafu akaweka kidole pale, taratibu, na sauti ikampasuka. "Na tambuu yake."

Akasema hata kwenye kitambulisho mama yao hana tambuu, maana mpiga picha alimtemesha. Ndiyo picha pekee waliyokuwa nayo, na wadogo zake walikuwa hawaipendi kwa sababu shavu limebonyea na mama anaonekana kama mtu mwingine. Wale wadogo wakaja mbiombio kutoka jikoni, mikono ina unga, wakaizunguka. Mmoja akaibusu. Shangazi akavua miwani, akasema basi, itundikwe, lakini si upande wa kibla. Wanawake wote wakamgeukia wifi yangu kwa dua. Mungu ampe umri, Mungu amtunzie mikono, Mungu amrudishie macho yake. Na mie nilikuwa nimekaa pembeni yake, nikiitikia amina.

 Wifi aliomba aletewe ile picha, akaisogeza karibu na pua yake kama anavyofanya. Mipako yake anaijua. Ule mstari mwembamba hawezi kuwa ameuchora yeye, kwa macho yale na brashi ile pana, na hapakuwa na mtu mwingine mwenye ufunguo wa stoo. Akaitazama pale pa shavu. Kisha akanitazama mie.

Binti akamuuliza alilijuaje shavu lile, na yeye alikuwa akikaa nyuma ya mama siku zote.

Nawaambia kweli yangu: katika dakika ile nilikuwa naogopa asije akanitaja, na vilevile nilikuwa naomba anitaje. Aseme tu, shavu hili si langu. Niaibike, nionekane mchawi, lakini wajue ni mkono wa nani.

"Mie bibi sikumjua," wifi akasema. "Aliyemjua ni wifi yangu. Mshukuruni yeye."

Wakadhani ni unyenyekevu. Wakamsifu maradufu, wakasema tazama mtu alivyo na adabu, hajikwezi hata kidogo. Mie nikapewa mkono na binti kwa kuwa nilimzoeza wifi yangu kazi njema. Nikasema amina tena. Hata kwa uungwana kanishinda, na hilo sijamsamehe mpaka leo.

Njiani tukirudi hakuniuliza. Kesho yake hakuniuliza. Ilipita wiki, ikapita nyingine, tunakaa benchi moja chini ya mkungu, tunakunywa kahawa, ananitania kuhusu mbao zangu kama kawaida. Wakati huo huo habari zilikuwa zimetoka Ngamiani zikafika Chumbageni na Pangani. Wakaanza kuja watu wenye mama zao, walio hai na waliokufa, wanataka kisogo chenye shavu kidogo, kama kile cha bibi. Wanamtaka fundi cherehani.

Na mie, kwa siri, nilikuwa nalitafuta shavu lile. Nilianza kwa hadibodi mpya, benchi la tatu, mbao tano, brashi ile ile nyembamba, mchanganyiko ule ule. Nilitaka nimchore bibi mwingine, wote waone mkono ni wa nani bila mie kufungua mdomo. Wa kwanza akatoka mwanamke anayeumwa jino. Nikajaribu tena stoo, mchana ule ule wa adhuhuri, mlango nimeufunga, nimekaa kwenye debe lile lile. Anaumwa jino. Nilikwenda Tongoni kwa shangazi yangu anayekula tambuu, nikamkalisha barazani asubuhi nzima, nikarudi na mwanamke anayeumwa jino wa Tongoni.

Juzi alasiri wifi alikuja na hadibodi mbili, amekwisha kuchora visogo, mashavu bado. Zilikuwa za watu wa Pangani. Hakukaa. Alisimama mbele yangu akanipa kivuli, ameshika brashi yangu nyembamba, kaichukua mfukoni mwangu bila kuomba.

"Wifi," akasema, polepole, bila utani. "Nifundishe lile shavu."

Nikaendelea kuhesabu mbao.

"Shavu gani?" nikamwambia.

 Akairudisha brashi kwenye mfuko wangu, na mkono wake, ulio mzito kwa kutoona, ukapapasa ndani kutafuta mahali pa kuiweka, ukagusa hadibodi zangu saba za yule mwanamke anayeumwa jino. Akaitoa ya juu. Akaisogeza karibu na pua yake, akaitazama, akatoa ya pili, na ya tatu, zote saba mpaka mwisho. Nilikuwa nangoja acheke. Angecheka ningemchukia kwa raha mpaka naingia kaburini. Hakucheka. Alizirudisha moja moja, akakaa pembeni yangu, akaweka mkono wake gotini kwangu, akaanza kunisimulia habari za mjukuu wake aliyeota jino.

Nikautoa mkono ule gotini kwangu, nikamwambia asogee, ananizibia mwanga.